Thamani ya Gunia Tupu

Tangu siku ya mwisho ya Agosti 2014, shehena ya biashara ilipohamishwa kutoka Bandari ya Sultan Qaboos hapa Matrah, Omani, ikapelekwa Sohar, meli za makontena hazitii nanga tena mbele ya Korniche, yaani barabara ya ufukweni, na gati ambazo tangu miaka ya 1970 zilikuwa zikipokea saruji, mchele na mbao sasa hupokea watalii. Lakini bidhaa zenyewe hazikukoma kuingia mjini, kwani huja kwa malori, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, zikashushwa katika mabohari yaliyo nyuma ya soko. Kila fungu huwa limepangwa juu ya chaga ya mbao ambayo makuli huiita paleti, limezungushiwa plastiki nyembamba tangu chini hata juu, likakazwa kwa mikanda. Ndani yake mna makatoni, na ndani ya makatoni mna mifuko, na ndani ya mifuko mna kile alichokitaka mnunuzi. Mwenye bohari hupitisha kisu ubavuni mwa mzigo, na ile plastiki iliyofanya kazi siku chache tu huanguka chini, ikakunjwa, ikatupwa.

Nataka kuvitazama vifungashio vya namna hii, hasa vile ambavyo mnunuzi wa dukani havioni, maana vyavunjwa na kutupwa kabla bidhaa haijafika mikononi mwake. Mjadala ulioenea siku hizi, katika nchi za Ghuba, katika Afrika Mashariki na hata Ulaya, aghalabu huuliza kifungashio kimefanywa kwa kitu gani: plastiki au karatasi, mafuta ya ardhini au mimea. Swali hilo lina maana, lakini naona limepewa daraja lisilostahili, na lile lililo kubwa zaidi limeachwa nyuma, nalo ni hili: chombo kikishamwagwa kilichomo, kuna mtu anayekingojea? Maadamu yuko mtu atakayekilipia kikiwa kitupu, au atakayekitia kazini mara ya pili, chombo hakigeuki kuwa taka, hata kikiwa cha bati. Na asipokuwapo mtu huyo, hata jani la mgomba litaoza barabarani na kuwa kero.

Wazee waliosafirisha tende kutoka Batina na Sharqiya hadi Unguja walizishindilia katika makanda yaliyoshonwa kwa ukili, na ukili wenyewe ulisukwa kwa majani ya mti ule ule uliozaa tende, hata jirabu, yaani hilo kanda lenyewe, likawa kipimo cha biashara ambacho nahodha, mnunuzi na mtu wa forodha walikifahamu pasi na kuandikiana. Kanda likishafumuliwa Malindi ya Unguja lilitandikwa chini, likaanikiwa dagaa, na lilipochakaa liliachwa kwenye udongo, nao udongo ukalipokea. Gunia la juti lililofumwa Bengal nalo lilikuwa na maisha marefu kuliko shehena yake ya kwanza, kwani lililoshusha mchele lilipakiwa mbata, kisha makaa, kisha likakatwa likawa kitambaa cha kufutia miguu mlangoni. Fauka ya hayo juti hupumua, na karafuu au kahawa iliyotiwa ndani yake hutoa unyevu wake polepole, ilhali katika mfuko usiopitisha hewa hufanya ukungu.

Lakini ushahidi ulio na nguvu kuliko yote ni debe, kwa kuwa debe halikutokana na mti wala na ufundi wa mikono, bali ni chombo cha kiwandani, cha bati, kilicholetwa na makampuni ya mafuta ya taa ya Marekani na Uingereza. Kila mkebe ulichukua takriban lita 18, na mikebe miwili iliwekwa pamoja katika kasha la mbao. Hakuna aliyekaa katika ofisi ya London au New York akapanga kwamba mkebe huo, mafuta yakishauzwa, utateka maji visimani kuanzia Lamu hata Kilwa, utapima mahindi na karafuu mpaka jina lake liwe kipimo rasmi sokoni, utachemshia maji ya arusi, na hatimaye utakunjuliwa uezekee banda la kuku au ukatwe ufanywe vibatari. Na kasha lake likageuka meza, sanduku la nguo na dawati la mwana wa chuo. Debe tupu lilikuwa na bei yake, na mwenye duka aliiweka bei hiyo katika hesabu zake. Sisemi haya kwa kuutamani umasikini wa zama hizo, kwani sehemu ya thamani ya debe ilitokana na uhaba wa ndoo. Nasema ili ionekane dhahiri kwamba chombo cha kiwandani chaweza kuishi miaka ishirini katika mikono ya watu wengi pasipo sheria hata moja, ikiwa umbo lake ni imara, lafunguka na kufungika, na kipimo chake ni kimoja kila mahali.

Mambo yaligeuka pale polipropilini ilipoanza kuuzwa mwaka 1957. Uzi wake ulikuwa mwepesi, hauozi, na wa bei ndogo, na kabla ya miaka ishirini kupita ulikuwa umeingia katika kamba, mikeka na magunia ya dunia nzima. Tanganyika iliuona msiba huo kabla ya wengi. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kwa miche michache iliyonusurika safarini, ulikuwa umefikia uvunaji wa tani zaidi ya 230,000 katika mwaka 1964. Miongo mitatu baadaye nchi haikuvuna hata sehemu ya sita ya kiasi hicho, na ingawa utaifishaji wa 1967 na uongozi wa mashamba vina fungu lao katika anguko hilo, uzi wa viwandani ndio uliowaondoa wanunuzi. Magunia tunayoyaita viroba, au mifuko ya sandarusi, yakajaa kila soko, na kwa kweli yalileta nafuu: mkulima alipata gunia jepesi lisiloliwa na mchwa. Isipokuwa kiroba kikikaa juani huchanika nyuzi nyuzi, na nyuzi hizo hazifai kwa kushona, wala kuwasha moto salama, wala kuachiwa ardhi. Thamani yake ikiwa tupu hushuka haraka mno, na tangu hapo ndipo taka ya vifungashio ilipoanza kuwa jambo la serikali.

Serikali zetu zimelijibu jambo hilo kwa kukataza, na kukataza kwenyewe kumeanza na kile kinachoonekana zaidi. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki mwaka 2006, Rwanda ikafuata 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 kwa adhabu iliyotisha ya faini hata shilingi milioni 4 au kifungo hata miaka minne, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Omani ilianza na mifuko ya kutumiwa mara moja tarehe 1 Januari 2021, ikazuia kuingizwa kwake kutoka nje tangu Januari 2023, kisha Mamlaka ya Mazingira ikatoa amri ya 2024 inayokataza kwa awamu mifuko ya unene wa chini ya mikroni 50, ikianza na maduka ya dawa na hospitali Julai 2024, ikifuatiwa na wauza nguo, mafundi cherehani na wengineo, mpaka ienee kwa wote 2027, na faini ikiwa rial 50 hata 1,000. Mwenye kutembea katika Soko la Giza la Matrah leo huona matokeo yake: udi, bukhuri na vitambaa hutiwa katika mifuko ya kitambaa au ya karatasi, na mifuko myeusi iliyokuwa ikinasa katika miti ya wadi, yaani mabonde makavu, imepungua.

Nazisifu sheria hizo kwa dhati. Hata hivyo ni haki kuzisoma mpaka mwisho, na mwenye kuzisoma ataona kwamba mlango mkubwa umeachwa wazi. Kanuni za Tanzania za 2019 zilivitoa katika katazo vifungashio vya bidhaa za viwandani, vya kilimo, vya ujenzi, vya dawa na vya usindikaji wa chakula. Kenya nayo iliachilia mifuko inayofungia bidhaa kiwandani. Na amri ya Omani yazungumza juu ya mfuko wa dukani, haizungumzi juu ya plastiki ya kuzungushia paleti, wala juu ya yale magunia makubwa ya tani moja yenye masikio manne ya kuinulia, yanayobeba saruji, sukari, mbolea na chembechembe za plastiki yenyewe. Mama aliyekwenda kununua nyanya ameambiwa achukue kikapu chake kutoka nyumbani, naye ametii. Bohari lililo nyuma ya duka hilo halijaambiwa neno.

Ni nini basi kinachojitokeza kama dawa? Dawa ya kwanza iliyopendwa hapa Ghuba ni plastiki iliyotiwa madini ya kuiharakisha ivunjike kwa jua na hewa. Imarati iliiwekea kiwango tangu 2009, na Saudia ilianza kuilazimisha kwa bidhaa nyingi tangu 2017, hata muuzaji wa viwandani akitaka kupeleka shehena Jeddah imempasa aonyeshe kwamba vifungashio vyake ni vya namna hiyo. Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, uliikataza plastiki hiyo hiyo kwa maagizo ya 2019 yaliyoanza kutendeka Julai 2021, kwa hoja kwamba haiozi kwa maana halisi ya kuoza, bali humeguka vipande vidogo visivyoonekana kwa macho vikabaki katika udongo na bahari, na zaidi ya hapo ikichanganywa na plastiki nyingine huharibu kile kitakachoyeyushwa upya. Mfanyabiashara wa Matrah anayepeleka tende Riyadh na Rotterdam ameshikwa baina ya sheria mbili zinazopingana, moja ikimwamuru atumie kile ambacho ya pili yamzuia. Mimi naona Ulaya imesema kweli katika jambo hili, kwa sababu kifungashio kilichoundwa ili kitoweke kimekwisha kuamuliwa tangu kiwandani kwamba hakuna atakayekingojea, na chombo cha namna hiyo hakiwezi kuwa na thamani kikiwa kitupu.

Karibu na hiyo iko plastiki ya mimea, itokanayo na mahindi au miwa. Baadhi yake huoza kweli, ila katika matanuri ya mboji yenye joto la karibu nyuzi 60 na unyevu usiokatika. Na mtu asidanganyike na joto la Matrah la mwezi Juni, kwa sababu joto kavu hukausha, haliozeshi. Mwani nao umeanza kutajwa kwa matumaini, na kampuni ya Notpla ya Uingereza ilipata tuzo ya Earthshot mwaka 2022 kwa vifungashio vilivyofanywa kwa mwani. Habari hizo zingepaswa kusikiwa kwa makini Paje na Jambiani, ambako kinamama wamelima mwani tangu mwisho wa miaka ya 1980 na kuusafirisha mkavu bila kusindikwa, ndani ya viroba. Karatasi nitaipita haraka: ni njema pale palipo pakavu, na gharama yake ni maji na miti.

Nisije nikadhaniwa kuwa naichukia plastiki kwa jina lake. Mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhia nafaka, iliyovumbuliwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya wakulima wa kunde wa Kameruni na ambayo sasa imeenea Tanzania na Kenya, hufungwa hewa isiingie, wadudu waliomo hufa kwa kukosa pumzi, na mahindi hukaa miezi mingi pasi na sumu yoyote. Mkulima huutunza mfuko huo, huuangalia usitoboke, na kuutumia tena msimu ujao, kwa sababu anajua bei yake na anajua bei ya mahindi yake.

Dawa ya pili ni ya sheria ya Ulaya, nayo itatufikia tupende tusipende. Kanuni mpya ya vifungashio, iliyoanza kuwa na nguvu Februari 2025 na ambayo hukumu zake nyingi zaanza kutendeka Agosti 2026, yataka kwamba ifikapo 2030 kila kifungashio kinachoingia katika soko la Ulaya kiwe cha kuweza kuyeyushwa na kutumika upya, kwamba nafasi tupu ndani ya makasha ya usafirishaji isizidi nusu, na kwamba sehemu ya asilimia 40 ya vifungashio vya kusafirishia ndani ya Umoja huo iwe ni ya kurudiwa. Maana yake kwa mwenye kiwanda ni kwamba mifuko ya tabaka mchanganyiko, yenye alumini katikati na plastiki mbili tofauti pande zote, itamletea taabu, na hivyo watengenezaji wanakimbilia kitu cha aina moja tangu ndani hata nje. Wauza parachichi wa Murang'a, wauza viungo wa Unguja na wauza tende wa Nizwa wote wamo katika hukumu hiyo, na naona ni heri wangeanza sasa kuzipima bidhaa zao kuliko kungoja shehena irudishwe.

Hapa pana jambo ambalo haliwezi kusemwa kwa kunong'ona. Omani yenyewe ni mtengenezaji mkubwa wa plastiki: mitambo ya kampuni ya OQ huko Sohar, baada ya kukamilika mradi wa plastiki wa Liwa, hutoa zaidi ya tani milioni moja za polithilini na polipropilini kwa mwaka. Mazungumzo ya mkataba wa dunia juu ya plastiki, yaliyoagizwa na mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Nairobi Machi 2022, yalikwama Busan mwishoni mwa 2024 na yakakwama tena Geneva Agosti 2025, na kiini cha mkwamo ni iwapo utengenezaji wenyewe uwekewe mpaka au isafishwe taka peke yake, nchi nyingi zenye mafuta zikishika upande huu wa pili. Sasa ikiwa sharuti tusafishe, na tusafishe kweli. Lakini hesabu za shirika la uchumi la OECD zaonyesha kwamba katika mwaka 2019 ni asilimia 9 tu ya taka za plastiki duniani iliyoyeyushwa ikatumika upya, na sababu yake haijifichi: plastiki mpya hufuata bei ya mafuta, na mafuta yakishuka, kama yalivyoshuka mwaka 2020, plastiki iliyookotwa, ikaoshwa na kusagwa huwa ghali kuliko mpya, na mwokotaji huachwa na mzigo mkononi. Uingereza imejaribu kuliziba pengo hilo kwa kutoza kodi, tangu Aprili 2022, kila kifungashio cha plastiki kisichofikisha asilimia 30 ya plastiki ya zamani. Nchi inayotengeneza plastiki kwa wingi kiasi hiki ina uwezo kuliko nyingine wa kununua tena iliyotumika, kwa sababu mitambo, wahandisi na wanunuzi inao tayari.

Naja sasa katika lile ninaloliamini kuwa bora, nalo ni urejeshaji. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, jeshi la Marekani liliacha Australia paleti nyingi na vyombo vya kuinulia mizigo. Serikali ya huko ikaviweka katika mfuko mmoja wa kukodishwa, na kutoka hapo ikazaliwa CHEP, kampuni ya paleti za buluu zinazozunguka leo karibu dunia nzima, zikikodishwa, zikirudi, zikikarabatiwa msumari kwa msumari. Haziuzwi, na kwa sababu haziuzwi yuko mtu anayezidai. Ukiitazama paleti ya kawaida iliyoachwa nje ya bohari la Matrah utaona pembeni yake alama ya shuke la ngano na herufi HT, ushahidi kwamba mbao zimepashwa joto la nyuzi 56 mpaka kiini chake kwa muda wa nusu saa ili wadudu wa miti wasivuke mipaka, kama inavyoamuru kanuni ya kimataifa ya 2002. Kazi yote hiyo imefanywa, alama imepigwa, bahari imevukwa, na mwisho wake paleti inavunjwa kuni, kwa kuwa haina mwenyewe.

Afrika Mashariki ilikuwa na mfumo wa namna hii bila kuupa jina la kisasa. Kreti ya soda yenye chupa 24 za kioo ilitembea kutoka kiwandani hata duka la mwisho la kijiji, na mteja asiye na chupa aliacha pesa ya dhamana au akanywa papo hapo amesimama; chupa zikarudi, zikaoshwa, zikajazwa tena. Chupa ya plastiki ilipoingia, dhamana ilififia, na mitaro ya Dar es Salaam ikajaa. Kenya imejaribu kuurudisha wajibu kwa mwenye kiwanda kupitia sheria yake ya taka ya 2022 na kanuni zilizofuata 2024, na njia hiyo naiona sahihi, kwa kuwa mwenye kuchagua umbo la chombo ndiye apaswaye kulipia mwisho wake.

Katika Soko la Samaki la Matrah, lililofunguliwa 2017 katika jengo lake jeupe karibu na bahari, mambo haya mawili husimama pamoja kila alfajiri. Upande mmoja ziko kreti za plastiki ngumu ambazo wavuvi hushusha jodari na nguru ndani yake, wakazimwagia maji, wakazipandanisha, wakarudi nazo mashuani. Upande wa pili yako makasha meupe ya povu yaliyojazwa barafu kwa safari ya lori, mepesi kweli, yanayohifadhi ubaridi vizuri kweli, lakini yakishanyonya damu na harufu hayafai tena kwa lolote, hukatika, na chembe zake nyeupe hupeperuka mpaka majini. Wengine huuliza kwa nini kila samaki asisafiri katika kreti, na jibu la haki lapaswa kuyataja maji. Kreti sharuti ioshwe, na maji ya Muscat ni maji ya bahari yaliyosafishwa chumvi kwa nishati nyingi. Hesabu ya urejeshaji katika nchi kame si ile ya Ulaya yenye mito, na mwenye kuisahau atajenga mfumo mzuri usiodumu. Yawezekana kuosha kwa maji kidogo yanayochujwa na kurudiwa, ila lazima zioshwe kreti nyingi mahali pamoja, ambapo gharama hugawanyika, si chache katika kila duka.

Makuti ya mtende nayo yanangoja. Omani ina mitende zaidi ya milioni 8, na kila mmoja hupogolewa makuti makavu kiasi cha 10 hata 20 kwa mwaka, ambayo mengi huchomwa shambani. Nyuzi zake zaweza kushindiliwa zikawa trei za matunda na pembe za kukinga makasha, kazi ambayo leo hufanywa na povu. Haitoshi kujenga kiwanda. Patahitajiwa mnunuzi wa kudumu, na hapo ndipo serikali, iliyo mnunuzi mkubwa kuliko wote, ingeweza kuanza.

Kwa upande wa bahari iliyo baina yetu na pwani ya Afrika, nafasi iliyo wazi ni hii. Bandari za Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar hupokea makontena yaliyojaa kuliko yale zinazoyatuma yamejaa, na kwa hiyo makontena mengi huondoka matupu, yakilipiwa nauli ya hewa. Kreti ya kukunjwa, ikishalazwa, huchukua sehemu ndogo ya nafasi yake, na gunia kubwa la tani moja lililoshonwa imara laweza kukung'utwa, kukaguliwa masikio yake na kurudishwa lilikotoka. Forodha za Sohar na Zanzibar zikikubaliana kwamba kreti, paleti na magunia ya namna hiyo yapite bila ushuru pande zote mbili, na kila kimoja kiandikwe dhamana inayorudishwa kinaporudi, wenye mabohari wa Matrah na wa Darajani ya Unguja watavihesabu vyombo vitupu kwa uangalifu ule ule wanaohesabia vilivyojaa, na nauli ya kuvirudisha itakuwa ndogo kuliko bei ya kununua vipya kila msimu.